Dume, madoa 17 na begi la mjomba

"Huyu ananikomoa." Ndiyo maneno ya kwanza ambayo mama mwenye nyumba alinipokea nayo, mimi mwalimu wa mbwa, hata viatu sijavua. "Mwalimu, nikitoka kidogo tu, nikirudi nakuta kochi limeloa. Na dakika chache nyuma katoka nje! Kwa nini asimalize huko huko?"

Mtuhumiwa alikuwa chini ya meza, kidevu kakilaza sakafuni, ananitazama bila kuinua kichwa. Anaitwa Radi. Mbwa dume, chotara, miezi 11, kilo 14, hajahasiwa. Aliingia nyumba hii akiwa na wiki 9, na kufikia miezi 5 alikuwa ameshajua kwamba haja ni nje. Kwa miezi minne mizima hakuna aliyepiga deki kwa ajili yake. Alipogonga miezi 9 akaanza kuinua mguu kwenye mti wa nje, na familia ikacheka na kumpongeza kwamba sasa amekuwa mkubwa. Wiki mbili baadaye mguu ule ule ukainuka sebuleni.

Walikuwa wameshajaribu mambo kadhaa kabla ya kuniita. Walimkaripia. Walimsugua pua kwenye mkojo. Walimfungia uani mchana kutwa, akabweka mpaka majirani wakaja juu. Walisugua kochi kwa dawa ya kusafishia yenye harufu ya kukata pumzi. Na walikuwa wameshapanga tarehe ya kumhasi, wiki iliyofuata. Mama mwenye nyumba alitaka niseme kitu kimoja tu: ndiyo, mhasini, yataisha.

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliweka begi langu chini, nikaomba karatasi na kalamu.

Nilichora nyumba yao, mchoro mbaya tu, masanduku na mistari, kisha tukaanza kuzunguka chumba kwa chumba, mama mbele, mimi nyuma, mtoto wake wa kiume wa sekondari akishika tochi. Kila doa nililiuliza maswali matatu: uko ukutani au sakafuni? Kiasi gani? Ulikutwa saa ngapi? Nyumba nyingi ninazoingia, watu hawana majibu ya maswali haya, kwa sababu doa likionekana linafutwa kwa hasira na kusahauliwa. Hawa walikumbuka vizuri. Hasira nayo ina kumbukumbu.

Tulipata madoa 17. Kati ya hayo, 14 yalikuwa kwenye vitu vilivyosimama wima: kona ya kushoto ya kochi, fremu ya mlango wa mbele, pazia la dirisha linalotazama njia, mguu wa meza, ndoo ya takataka. Yote yalianzia urefu wa sentimita 20 hadi 35 kutoka chini, yakachuruzika. Kila moja lilikuwa dogo, kama vijiko viwili vitatu vya mkojo. Matatu yaliyobaki hayakufanana nayo hata kidogo. Yalikuwa madimbwi, makubwa, bapa sakafuni, yote karibu na mlango wa nyuma, na yote yalikutwa alfajiri.

Hapo kisa kikagawanyika. Mama alikuwa akisema "anakojoa ndani" kana kwamba ni jambo moja, kumbe ni mawili, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Nianze na lile jepesi, madimbwi. Mbwa aliyekwisha kujifunza kutoka nje akianza kumwaga mkojo mwingi usiku, jambo la kwanza ni kibofu na figo. Maambukizi ya njia ya mkojo hayawapati sana madume wadogo kama yanavyowapata majike, lakini yapo, na mawe ya kibofu yapo, na kisukari kipo. Kumfundisha mbwa mgonjwa ni kumwonea. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata kijana alitoka naye akiwa na bakuli safi la mpini mrefu, akaliingiza chini ya tumbo mkojo ulipokuwa katikati, na bakuli likafika kwa daktari wa mifugo ndani ya saa moja. Daktari akapima ukolezi wa mkojo, akachovya karatasi ya kupimia sukari na damu, akatazama kwenye hadubini kama kuna fuwele au bakteria. Hakukuwa na kitu.

Jioni hiyo nikawafuata nyuma, kijana na Radi, kwenye matembezi yao ya mwisho ya siku. Ilikuwa saa 2 usiku. Kijana alikuwa na simu mkono mmoja na kamba mkono wa pili, anatembea kama anachelewa basi. Nilihesabu. Ndani ya dakika 6 Radi aliinua mguu mara 9. Hakuna hata mara moja iliyopita sekunde mbili. Kila alipotaka kusimama zaidi, kamba ilimvuta. Wakarudi nyumbani, mlango ukafungwa, na kijana akatangaza kwamba amekojoa "mara nyingi sana leo".

Alikuwa amesaini mara tisa, kibofu bado kimejaa. Dume anapoweka alama hatoi mkojo wote, anautoa kwa mgawo, anaacha akiba ya nguzo inayofuata. Mbwa mkubwa mwenye afya anaweza kulala kwa muda wa saa 10 bila kutoka, lakini si kama ameanza usiku na kibofu kilichojaa. Tulisogeza matembezi hadi saa 4 usiku na kuyageuza: kwanza kusimama mahali pamoja, bila kusogea, mpaka amwage kweli kweli, kisha ndipo azunguke, anuse, aweke sahihi zake apendavyo, hayo ndiyo zawadi yake. Siku ya nne madimbwi yakakoma, na hayakurudi tena.

Yakabaki yale 14.

Kabla sijaendelea niseme kuhusu hili neno kukomoa, kwa sababu nalisikia karibu kila nyumba. Ushahidi wa mama ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, Radi alikuwa akifanya vile asipotazamwa tu. Pili, mama akirudi, Radi anakunja masikio, anageuza uso, anajikunyata, "anajua kabisa alichofanya". Ule uso umechunguzwa. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa wa Chuo cha Barnard huko New York, alichapisha jaribio ambalo wenye mbwa waliambiwa mbwa wao amekula kitu alichokatazwa, wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli. Uso wa hatia ulionekana zaidi kwa mbwa waliokaripiwa, wawe wamekosa au hawakukosa. Mbwa anausoma uso wako kwanza, ndipo anakunja wake.

Na kuhusu kusubiri mama atoke, nilimwomba akumbuke alichofanya mara ya kwanza kabisa alipomwona Radi akiinua mguu kwenye kochi. Alimrukia kwa kelele, akamshika ukosi, akampeleka pua hadi kwenye doa. Radi alijifunza somo siku hiyo, ila si lile lililokusudiwa. Alijifunza kwamba mama na mkojo wakiwa chumba kimoja, kuna hatari. Basi akawa anaufanya mama akiwa chumba kingine. Mbwa yeyote mwenye akili angefanya hivyo.

Sasa, mkojo wa alama ni nini hasa? Ni barua. Mbwa anayepita akiunusa anapata jinsia ya mwenzake, kama amepevuka, kama ni jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kiungo cha Jacobson, kilichojificha juu ya paa la kinywa nyuma ya meno ya mbele. Dume huanza uandishi huu anapobalehe, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12, na anapendelea vitu vya wima kwa sababu harufu inabaki usawa wa pua. Na barua haiandikwi hewani: mara nyingi ni jibu. Kwa hiyo kwa kila doa la wima swali langu huwa ni hili: alikuwa akimjibu nani?

Hapo nilikosea. Siku ya kwanza niliweka dau langu kwenye dirisha. Mbwa wa watu walikuwa wakipita kwenye ile njia asubuhi na jioni, Radi akiwatazama kupitia kioo, na pazia lilikuwa na madoa matatu. Nikawaambia wazibe vioo vya chini kwa karatasi isiyopitisha picha. Wakaziba. Pazia likapona. Nikajisikia fundi. Lakini pazia lilikuwa na madoa 3 kati ya 14. Kona ya kushoto ya kochi peke yake ilikuwa na 6, na ile kona haitazami dirisha wala mlango. Kochi liliendelea kuloa kama kawaida.

Nilirudi usiku nikiwa na tochi ya miale ya urujuanimno. Tukazima taa zote. Mkojo uliokauka huwaka chini ya mwanga ule, rangi ya manjano iliyopauka, na kona ya kochi ilikuwa kama ramani ya mito: michirizi juu ya michirizi, mipya juu ya ya zamani, hadi chini kwenye mbao. Mama alishika kiuno. "Lakini hapa nimesugua!" Amesugua, ndiyo. Nikaomba kuona chupa. Ilikuwa dawa yenye amonia.

Hili linastahili kukaliwa kitako, kwa sababu ni kosa la nyumba nyingi safi. Mkojo unapooza hutoa amonia. Ukiusafisha kwa amonia, kwa pua ya mbwa hujafuta barua, umeikoleza wino. Klorini nayo ni mbaya zaidi, maana ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini inayochoma macho na mapafu, ya watu na ya mbwa. Mvuke wa moto unapikia harufu ndani ya kitambaa. Na maji ya sabuni peke yake huondoa kile tunachokinusa sisi, lakini mabaki ya mkojo uliokauka hayaondoki yote kwa maji. Yanabaki yameganda kwenye nyuzi, na siku hewa ikiwa na unyevu harufu inaamka upya.

Kinachofaa ni kisafishaji chenye vimeng'enya, vile vinavyovunjavunja mkojo wenyewe. Nacho kina masharti. Mkojo mbichi ufyonzwe kwa tambara kavu, kwa kukandamiza, bila kusugua. Kochi lililowahi kusafishwa kwa dawa nyingine lisuuzwe kwanza kwa maji matupu, kwani mabaki ya dawa yanaweza kuviharibu vimeng'enya. Kisha dawa imiminwe, si kunyunyizwa, mpaka ifike kina kile kile mkojo ulichofika, na kama mkojo umefika kwenye sponji, dawa nayo ifike kwenye sponji. Halafu iachwe ikauke yenyewe. Mama alitaka kulianika juani baada ya dakika kumi. Nikamzuia. Vimeng'enya vinafanya kazi vikiwa na unyevu; ukivikausha haraka umevikatisha.

Kochi likasafishwa, likakauka, likakaa siku mbili bila doa. Siku ya tatu, kona ya kushoto, doa jipya.

Daftari ndilo lililotoa jibu. Nilikuwa nimewaomba waandike kwa siku 7 kila doa, saa yake, na kitu kimoja zaidi ambacho watu hukiona cha kipuuzi: nani aliingia nyumbani siku hiyo na alibeba nini. Tulipolifungua, kona ya kushoto ilikuwa na madoa mawili wiki ile, moja Jumatano usiku, moja Jumamosi usiku.

"Jumatano na Jumamosi huja nani?"

Mama akafikiri. Kijana ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye simu: "Mjomba."

Mdogo wake mama hupita jioni hizo mbili akitoka kazini. Hukaa mwisho wa kochi, upande wa kushoto, na begi lake hulitua sakafuni, limeegemea ile kona. Kwake ana jike. Jike hajafungwa kizazi, na kitandani pake pa mchana, kama mjomba mwenyewe alivyotueleza kwa aibu kidogo, ni juu ya lile begi.

Alipopigiwa simu alikasirika. "Dada, yaani mimi ndiye nimekuwa mkojo wa nyumba yenu?" Lakini baadaye akahesabu vizuri, akakumbuka kwamba jike wake alikuwa kwenye joto kipindi kile kile Radi alipoanza. Majike wengi huingia kwenye joto kila baada ya miezi 6 hivi, na mvuto wao kwa madume hudumu wiki mbili tatu. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililowasha moto. Ninachoweza kusema ni kwamba begi lilikuwa likileta barua mpya mara mbili kwa wiki, na kila barua ikijibiwa, jibu lenyewe likawa barua ya kujibiwa tena, hata wiki ambayo mjomba hakuja.

Mpango wetu haukuwa wa ajabu. Msumari ulipigiliwa kwenye ukumbi, begi linatundikwa kabla Radi hajaingia sebuleni. Ndani ya nyumba Radi hakutembea huru: kamba ya mita 2 ilifungwa kiunoni mwa mtu mzima yeyote aliyekuwepo. Pasipokuwa na mwenye nafasi ya kumtazama, alikaa chumba chake chenye godoro lake. Bakuli lake la chakula lilihamia kwenye kona ya kushoto ya kochi, mahali alipokuwa akiandika pakawa mahali anapolia chakula, maana mbwa wengi hawapendi kuchafua wanapokula. Si wote. Nimewahi kumwona mmoja akiinua mguu juu ya bakuli lake mwenyewe na kuendelea kula.

Waliniuliza kuhusu mkanda wa tumbo, ule unaomzunguka dume na kunyonya mkojo. Niliukubali kwa jioni za wageni. Unaokoa makochi, haufundishi kitu, na ukiachwa umelowa unamtoa mbwa vidonda, kwa hiyo kila baada ya saa mbili tatu uvuliwe ukaguliwe.

Kazi halisi ilikuwa macho. Nilimfundisha mama na kijana kuona kile kinachotokea kabla ya mguu. Radi kwanza ananusa kitu kimoja kwa kukazia, pua haihami. Halafu anasogea ubavu, mwili unakuwa sambamba na kitu. Halafu uzito unahamia miguu ya upande mmoja. Kati ya kusogea ubavu na mguu kuinuka kuna muda wa kusema maneno mawili. "Radi, njoo!" kwa sauti ya furaha, kisha nje moja kwa moja, na akikojoa huko apewe kipande cha nyama papo hapo, si akirudi ndani. Akiwa ameshakojoa, hakuna neno. Futa, weka dawa, andika daftarini. Hilo la kutosema neno lilimgharimu mama kuliko yote.

Wiki ya kwanza madoa 5. Ya pili 3. Ya tatu 1. Ya nne, hakuna.

Wiki ya tano yakaja 4 ndani ya siku mbili. Nilipofika nilikuta kamba imetundikwa kwenye msumari na begi liko chini. "Tulidhani amepona," mama akasema. Wiki moja kavu kwa tabia ya miezi miwili si kupona. Tukarudi nyuma hatua zote, kisha safari hii tukalegeza moja moja: kwanza chumba kimoja huru, wiki mbili, ndipo cha pili.

Na kuhasi je? Sikuwahi kulikataa, nililisogeza mbele. Utafiti wa Neilson na wenzake wa mwaka 1997 ulifuatilia madume 57 waliohasiwa kwa sababu ya tabia. Alama za mkojo zilipungua kwa nusu au zaidi kwa mbwa wapatao 60 kati ya 100, lakini waliokaribia kuacha kabisa, kwa asilimia 90 na kuendelea, walikuwa kati ya robo na asilimia 40. Umri wa mbwa na muda wa tabia havikubadilisha matokeo. Takwimu hizo zinanifundisha mambo mawili. Kwamba kisu kinasaidia kweli, anayesema hakisaidii hajasoma. Na kwamba wapo wengi wanaohasiwa na kurudi nyumbani kwenye kochi lile lile lenye amonia, begi lile lile, wakaendelea. Faida nyingine ya kusubiri ni kwamba hakukuwa na haraka. Mbwa hapotezi chochote kwa kuchelewa wiki nane.

Daktari alitaja pia kipandikizi cha deslorelini, kinachozima homoni kwa muda wa miezi 6 au 12, ili familia ionje matokeo kabla ya upasuaji, akionya kwamba wiki za mwanzo homoni hupanda kwanza ndipo zishuke. Mama akasema hataki wiki za kupanda. Radi akahasiwa akiwa na miezi 13, kwa sababu zao wenyewe, ikiwemo kwamba mjomba hakuwa tayari kumfunga jike wake kizazi. Homoni ya dume hushuka ndani ya siku chache. Mazoea huchukua wiki, mengine miezi. Wiki sita baada ya upasuaji kulikuwa na doa moja tu, kwenye mwavuli wa mgeni. Ni kiasi gani kilitokana na kisu na kiasi gani na msumari, sitaki kudanganya kwamba napajua.

Mara ya mwisho nilipopita kuwasalimu, nilikuta ukumbini misumari miwili. Nikauliza wa pili ni wa nini, mjomba kapata begi jingine? Mama akaliashiria begi langu kwa kidevu, lile ninalolitua chini ya meza kila nikija.

"Si na wewe mwalimu una mbwa kwako?"